Zuhura, Dunia na Mirihi: Asili moja, hatima tatu

Kiini cha mfumo wa Jua ni nyota moja. Jua ni tufe la gesi ya moto, hasa haidrojeni na heli, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.39, na peke yake limebeba takriban asilimia 99.8 ya mata yote iliyomo katika mfumo huo. Sehemu ndogo iliyosalia imegawanyika kati ya sayari 8, miezi yake, sayari kibete, mawe ya angani, kometi na vumbi. Ndani kabisa ya Jua joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Huko viini vya haidrojeni hugongana na kuungana kuwa heli, na nishati inayotoka katika muungano huo ndiyo mwanga na joto. Mwanga huo husafiri kilomita milioni 149.6 hadi duniani, safari ya dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Umbali wa angani hauonekani vizuri kwa tarakimu tupu. Jua likipunguzwa likawa chungwa la sentimita 8, Dunia huwa chembe ya mchanga isiyofika milimita moja, iliyowekwa mita 9 hivi kutoka kwenye chungwa. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, huwa punje ya milimita 8 umbali wa mita 45, na Neptuni, ya mwisho, hukaa mita 260. Kati ya chembe hizo hakuna karibu chochote.

Sayari zilivyozaliwa

Miaka bilioni 4.6 iliyopita wingu kubwa la gesi na vumbi lilianza kujikusanya kwa mvutano wake lenyewe. Sehemu kubwa ilianguka katikati ikawa Jua. Iliyobaki ilijitandaza ikawa bapa jembamba linalozunguka, na ndani ya bapa hilo vumbi likashikana na vumbi, mawe yakagongana na mawe, hadi zikapatikana sayari. Ndiyo sababu sayari zote 8 huzunguka Jua zikielekea upande mmoja, na njia zao ziko karibu katika usawa mmoja.

Joto la Jua changa ndilo lililoamua kila sayari iumbwe kwa kitu gani. Karibu na Jua palikuwa na joto kali mno kwa barafu kuganda. Vilivyoweza kuganda ni metali na miamba, navyo havikuwa vingi. Hivyo zikatokea sayari 4 ndogo, ngumu, zenye kiini cha chuma: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Mbali zaidi, maji na gesi nyingine ziliganda kuwa barafu, sayari zikapata mata ya kutosha kukua haraka, na zilipokuwa nzito zikavuta haidrojeni na heli kutoka katika wingu. Huko ndiko ziliko sayari kubwa nne.

Mshtarii ina uzito wa Dunia 318, nayo hujizungusha mara moja kwa saa 10 tu. Januari 1610 Galileo Galilei aliielekezea darubini yake akaona miezi 4 ikiizunguka, ushahidi wa wazi kwamba si kila kitu angani huizunguka Dunia. Baada yake iko Zohali, yenye pete za vipande vya barafu. Mwezi wake mkubwa, Titani, ulitembelewa na chombo Huygens kilichotua hapo Januari 2005. Sayari hizo mbili huonekana kwa macho na zilijulikana tangu kale. Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Neptuni ilipatikana mwaka 1846 kwa njia ya hesabu: Urbain Le Verrier alikokotoa mahali inapopaswa kuwa kwa kufuata Uranusi inavyoyumbishwa katika njia yake, na Johann Galle akaiona kutoka Berlin karibu na mahali hapo hapo. Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, ilihesabiwa kuwa sayari hadi mwaka 2006, ilipowekwa katika kundi la sayari kibete.

Kati ya Mirihi na Mshtarii umetanda ukanda wa mawe ambayo hayakuwahi kuungana kuwa sayari. Baadhi ya miili ya mwanzo iliyokuwa huko ilikua hadi ikapata kiini cha chuma, kisha ikavunjwa na migongano. Vipande vya viini hivyo hufika duniani mara chache, na kimoja kikubwa kiko Tanzania: kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni nikeli. Kiini cha Dunia kimeundwa kwa metali hizo hizo, lakini hakuna mtambo uwezao kuchimba hadi huko. Mbozi mtu huweza kuzigusa kwa mkono.

Dunia na mwendo wake

Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742. Hujizungusha kwenye mhimili wake kuelekea mashariki, na kwenye ikweta, inayopita karibu na Kisumu na Kampala, ardhi husogea kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Mzunguko huo huleta usiku na mchana. Mzunguko wa pili, wa kulizunguka Jua, huchukua siku 365 na robo, na robo hizo ndizo zinazokusanywa kuwa siku moja ya Februari kila mwaka mrefu.

Wengi hudhani majira hutokana na Dunia kulisogelea Jua na kuliacha. Vipimo vinakanusha: Dunia hulikaribia Jua zaidi mapema Januari, kilomita milioni 147, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Chanzo cha majira ni mhimili wa Dunia, ulioinama kwa nyuzi 23.4. Nusu ya mwaka kaskazini huelekezwa kwenye Jua, nusu nyingine kusini.

Katika Afrika Mashariki mwinamo huo husomwa katika pepo na mvua. Jua huwa utosini kwenye ikweta mwezi Machi na tena Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata kwenda na kurudi. Ndipo hupatikana masika na vuli. Mwishoni mwa mwaka nchi za Asia hupoa, hewa yake nzito husukumwa kuelekea kusini, na kaskazi huvuma. Katikati ya mwaka bara hilo hupata joto, upepo hugeuka, na kusi hushika zamu. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Omani na Ghuba yalishuka Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Biashara nzima ya pwani iliegemea nyuzi hizo 23.4.

Mwezi

Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na kipenyo chake, kilomita 3,474, ni zaidi kidogo ya robo ya kile cha Dunia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulitokana na mgongano kati ya Dunia changa na mwili wenye ukubwa wa kukaribia Mirihi. Mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya mwaka 1969 na 1972, kilo 382 kwa jumla, yanashabihiana mno na miamba ya Dunia, na hiyo ni hoja kubwa ya nadharia hiyo.

Mvutano wa Mwezi, ukisaidiwa na ule wa Jua, ndio unaoinua maji ya bahari. Mwezi unapoandama na unapopevuka, Jua, Dunia na Mwezi hupangana katika mstari mmoja, mivutano hushirikiana, na bamvua huingia: Unguja bahari hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4, na wakulima wa mwani hupata saa za kutosha za kufanya kazi kwenye mashamba yao maji yakitoka. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hukingamana na maji huwa mafu. Kusuguana kwa maji na ardhi hupunguza kasi ya Dunia kidogo kidogo na kuusukuma Mwezi mbali. Vioo vilivyoachwa na wanaanga, vinavyorudisha miali ya leza, vimethibitisha kuwa husogea sentimita 3.8 kila mwaka.

Zuhura: joto lisilotoka

Zuhura ni kitu kinachong'aa kuliko vyote katika anga la usiku baada ya Mwezi. Huonekana magharibi baada ya Jua kutua au mashariki kabla ya mapambazuko, kamwe si usiku wa manane, kwa kuwa njia yake iko ndani ya ile ya Dunia. Kipenyo chake ni kilomita 12,104, pungufu kidogo tu ya Dunia, na miamba yake ni ya aina moja na ya huku. Ikiwa karibu kabisa, umbali wake ni kama kilomita milioni 40. Hakuna sayari nyingine inayosogea karibu hivyo.

Hata hivyo joto la uso wake ni nyuzi 465, la kuyeyusha risasi, usiku na mchana, kwenye ikweta na kwenye ncha. Hewa yake ni hewa ukaa kwa asilimia 96, na kanieneo yake ni mara 92 ya ile ya Dunia. Juu zaidi limetanda tabaka zito la mawingu ya asidi ya salfuriki. Chombo cha Kisovieti Venera 7 kilitua Desemba 1970 na kuwa cha kwanza kutuma taarifa kutoka uso wa sayari nyingine. Venera 13, mwaka 1982, kilidumu dakika 127 kabla ya kunyamaza.

Ukaribu na Jua hautoshi kueleza joto hilo. Utaridi iko karibu zaidi, lakini haina angahewa ya maana. Mchana hufika nyuzi 430, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Tofauti iko kwenye hewa ukaa. Mwanga wa Jua unaopenya mawinguni hupasha ardhi joto, ardhi hulitoa kama miali isiyoonekana, na gesi hiyo huizuia isitoke. Chombo cha Marekani kilichofika Zuhura mwaka 1978 kilikuta haidrojeni nzito kwa uwiano wa zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia. Hiyo ni alama kwamba zamani kulikuwa na maji mengi zaidi: mvuke ulipanda, mwanga wa Jua ukauvunja, haidrojeni nyepesi ikapotelea angani na ile nzito ikabaki nyuma.

Mirihi: hewa iliyotoroka

Upande wa pili wa Dunia iko Mirihi, kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua, inayotambulika kwa wekundu wa vumbi lake lenye kutu ya chuma. Hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37, mhimili wake umeinama nyuzi 25, na kwa hiyo ina majira yake, ingawa mwaka wake ni siku 687 za Dunia. Mlima wake Olympus Mons una kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara mbili na nusu ya kimo cha Everest juu ya usawa wa bahari.

Mirihi ina mabonde yaliyochongwa na mito na madini yanayotokea kwenye maji pekee. Chombo Perseverance kilitua Februari 2021 katika kreta ya Jezero, ambamo zamani mto ulimwaga tope na kufanya delta. Leo maji hayawezi kukaa wazi juu ya uso: kanieneo ya hewa haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia, na wastani wa joto ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Kisa chake ni udogo. Uzito wa Mirihi ni sehemu moja ya kumi ya Dunia. Kiini chake kilipoa mapema, uga wa sumaku uliokinga sayari nzima ukazimika, na chembe zinazotoka kwenye Jua zikaanza kuipukuta angahewa. Chombo MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kimepima hewa hiyo ikiendelea kuvuja.

Kilichoinusuru Dunia

Dunia nayo ina kaboni nyingi, kiasi kinachokaribiana na cha Zuhura, lakini sehemu kubwa imefungwa ardhini. Mvua huyeyusha hewa ukaa, mito huipeleka baharini, na humo viumbe na kemia ya maji huigeuza chokaa. Mawe ya matumbawe yaliyojenga misikiti ya Kilwa Kisiwani na nyumba za Lamu ni kaboni ambayo Zuhura ingali nayo hewani. Volkano huirudisha polepole, na mzunguko huo umedhibiti joto kwa mamilioni ya miaka. Kilichobaki hewani ni kidogo, nacho kina faida: bila gesijoto, wastani wa joto la Dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake.

Uzima wa Dunia basi umesimama juu ya mambo matatu yaliyokutana: umbali unaoruhusu maji kubaki kimiminika, uzito unaoshika hewa na kutunza kiini chenye moto, na bahari zinazoendelea kufunga kaboni. Zuhura ilikosa la kwanza, na kwa kulikosa ikapoteza la tatu. Mirihi ilikosa la pili.

Kabla ya zama za viwanda, kila chembe milioni za hewa ya Dunia zilikuwa na chembe 280 za hewa ukaa. Sasa zimepita 420, kwa sababu makaa ya mawe na mafuta huchomwa kwa kasi ambayo bahari na miamba haiwezi kuifuata. Dunia haiwi Zuhura kwa ongezeko hilo, lakini fizikia inayofanya kazi katika sayari zote mbili ni ile ile, na nyuzi chache tu zinatosha kuhamisha mvua, kuua matumbawe na kuinua bahari.