Kazi ya Mpiga Picha na Amana Anayoachiwa

Huenda katika nyumba yako, msomaji wa Kakese au wa kijiji kingine cha Mpanda, ipo picha ya zamani ukutani au sandukuni: babu amesimama wima, kofia mkononi, au bwana arusi na bibi arusi wakitazama mbele bila kucheka. Watu huitazama picha hiyo mara nyingi, lakini wachache wanajua jinsi ilivyotengenezwa, na wachache zaidi wameigeuza kuona kama nyuma yake pameandikwa jina. Basi twapenda kueleza kazi ya mpiga picha za watu na za arusi, ili ijulikane fundi huyo hufanya nini, na ni sehemu gani ya kazi inayobaki mikononi mwa mwenye picha.

Ufundi huu haujafikisha miaka mia mbili tangu kutangazwa. Mwaka 1839 habari za uvumbuzi wa Daguerre zilitangazwa Ufaransa. Yeye alitumia bamba la shaba lililopakwa fedha, na kila picha yake ilikuwa moja tu, isiyoweza kutolewa nakala. Wakati huo huo Talbot wa Uingereza alikuwa amevumbua njia nyingine ya karatasi. Katika njia hiyo hutoka kwanza picha ya kinyume, ambayo penye weupe pana weusi na penye weusi pana weupe. Na kutoka picha hiyo ya kinyume hupatikana nakala nyingi za sawasawa. Njia hii ya pili ndiyo iliyoenea duniani. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, iliyokuwa na ukanda wa kuzungushwa wa kutosha picha 100, na tangu hapo kamera ikawa nyepesi kubebwa.

Huku kwetu ufundi ulitangulia kufika pwani. Kabla ya kwisha karne ya 19 Gomes, Mgoa, alikuwa na duka la kupiga picha Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua huko studio iliyoitwa Capital Art Studio, na baada yake kazi ikashikwa na mwanawe Rohit. Studio hiyo ilipiga picha za wakubwa na za watu wa kawaida, katika siku za Masultani na hata baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Mombasa nako, katika miaka ya 1950 na 1960, watu walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kupita zote, ili wapigwe picha za ukumbusho.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Katika studio ya zamani palikuwa na pazia lililochorwa, kiti, meza ndogo, kioo na kitana. Mteja alipokuja, fundi hakukimbilia kamera. Kwanza alimtazama uso, akamgeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga, akamnyosha kola, akamwonyesha pa kuweka mikono. Maana mtu asiyezoea kamera hukaza mabega, na mikono yake huwa mizito kama si yake. Mwanga ukitoka mbele tupu, uso huonekana bapa kama sahani. Ukitoka ubavuni, pua na mashavu huonekana umbo lake. Pia fundi mwenye akili hujua kwamba kanzu nyeupe na uso mweusi katika picha moja ni mtihani: akifuata kanzu, uso hupotea gizani, akifuata uso, kanzu huungua kwa weupe. Fundi hodari huufuata uso, kwa kuwa mteja hakuja kuipiga picha kanzu.

Baada ya hapo filamu ilipelekwa katika chumba cha giza. Filamu na karatasi za picha hupakwa chumvi za madini ya fedha, ambazo hubadilika zikipigwa na mwanga. Dawa ya kwanza huidhihirisha picha iliyojificha. Dawa ya pili huondoa chumvi zilizosalia, ili picha isiendelee kuwa nyeusi ikitolewa nje. Mwisho picha huoshwa kwa maji safi, tena kwa muda mrefu. Kazi hii yote watu huiita kusafisha picha.

Yafaa tusimame kidogo hapa penye kuosha, maana ndipo uaminifu wa fundi ulipopimwa. Picha iliyooshwa haraka haraka haitofautiani na iliyooshwa vema siku ile mteja anapoichukua. Zote mbili hung'aa. Lakini dawa iliyobaki ndani ya karatasi huila picha polepole, na baada ya miaka huigeuza rangi ya manjano na kuififisha. Mteja amekwisha lipa, na huenda fundi amekwisha hama au kufa. Kwa hiyo fundi aliyeosha picha kwa subira alimfanyia wema mtu ambaye asingeweza kumshukuru. Picha za rangi zilizokuja baadaye zina udhaifu wao: rangi zake huchujuka zikiwekwa juani miaka mingi.

Kupiga picha za arusi ni kazi ngumu kupita ile ya studio, maana arusi haingoji. Filamu moja ya kawaida ilikuwa na picha 36, na nyingine 12 tu. Kwa hiyo fundi ilimpasa ajue tangu mwanzo mambo yasiyoweza kurudiwa. Kanisani ni kuvishana pete. Katika arusi ya Kiislamu ni bwana arusi anapopeana mkono na walii. Akiyakosa hayo, hakuna wa kumrudishia.

Tena yampasa kujua adabu. Katika miji ya pwani, akina mama wengi hujipamba na kucheza ukumbini kwao wenyewe, wala hawapendi picha zao zionwe na wanaume wasiowahusu. Kwa sababu hiyo wengine humtafuta mpiga picha mwanamke. Nasi tukumbuke kwamba filamu ile ya kinyume ilibaki kwa fundi, ikiwa na uwezo wa kutoa nakala nyingine wakati wowote. Ndiyo kusema, mtu aliacha uso wake na heshima ya nyumba yake mkononi mwa fundi. Hiyo ni amana, na fundi aliyeifanyia hiana, hata kama picha zake zilikuwa nzuri, hakuwa fundi wa kuitwa arusini.

Hata hivyo uaminifu wa fundi peke yake hautoshi. Tutoe mfano wa mbali kidogo. Katika mji wa Bamako, nchi ya Mali, mtu mmoja jina lake Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga picha za maelfu ya watu, akiwaazima saa, nguo, redio, hata pikipiki, ili waonekane kama walivyotaka. Filamu zake alizitunza vizuri. Mwaka 1991 picha zake chache zilionyeshwa New York, lakini jina la mpigaji halikujulikana, na waonyeshaji waliandika hivyo hivyo. Ilibidi baadaye watu wasafiri mpaka Bamako kuuliza ni nani aliyezipiga, nao wakamkuta angali hai. Hivyo jina lake likapatikana, akasifiwa katika nchi nyingi mpaka alipokufa mwaka 2001. Lakini wengi wa wale waliokaa mbele ya kamera yake hawajulikani mpaka leo. Nyuso zao zimetundikwa katika majumba makubwa, na majina yao hayapo.

Je, jambo hili liko Bamako tu? Fungua sanduku la nyumbani kwako. Utaona kijana amesimama karibu na bibi yako, na hapana ajuaye kama ni nduguye au jirani. Mzee aliyeweza kusema amekwisha zikwa. Picha haina sauti. Inajua kuonyesha tu, haijui kutaja. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na picha nayo ni mali.

Siku hizi vyumba vya giza vimefungwa karibu kila mahali, na watu hupiga picha kwa simu, mamia kwa siku moja. Wingi huo usitudanganye. Simu ikianguka majini au ikiibiwa, arusi nzima imekwenda nayo, ikiwa hapana nakala mahali pengine.

Basi twawashauri wasomaji mambo manne. Kwanza, kila picha ya zamani iandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza: majina, mahali na mwaka. Wino huweza kupenya au kuchafua picha nyingine. Pili, picha ziwekwe pakavu, ndani ya bahasha, katika kisanduku kisichogusa sakafu wala ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa masika. Tatu, katika picha nyingi za simu zichaguliwe chache, zichapwe karatasini na kuandikwa majina vilevile, na nakala zihifadhiwe mahali pa pili. Nne, waalimu wawape wanafunzi kazi hii: kila mmoja achukue picha moja ya nyumbani, amwendee mzee, amwulize ni nani hawa, aandike jibu.

Kazi hii ya nne isicheleweshwe. Karatasi yaweza kungoja miaka kumi mingine sandukuni, lakini mzee ajuaye majina huenda asingoje.