Kabla chama hakijanunua hisa za kampuni ya programu

Katika vyama vingi vya akiba mitaani Umoja, Kayole na Buruburu, swali la mwisho kabla ya chai huwa lile lile: pesa hizi tuziweke wapi? Zamani jibu lilikuwa ploti Kamulu au Joska, ama mahema na viti vya kukodisha. Siku hizi kuna jibu jingine. Mtoto wa mwanachama aliyesomea kompyuta anatafuta mtaji wa kuuza programu kwa wafanyabiashara, au ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp ukisema kampuni ya teknolojia inauza hisa na nafasi zinaisha Ijumaa.

Biashara yenyewe ipo. Mwenye duka la jumla anahitaji programu ya kuhesabu bidhaa na kutuma ankara za eTIMS kwa KRA. Sacco ya matatu inataka kujua gari lipi limeleta kiasi gani, na shule inafuatilia karo. Nairobi ina kampuni zilizokua kwa kazi hii. Craft Silicon ya Westlands ilijijenga kwa kuuzia mabenki na taasisi ndogo za fedha mifumo ya kuendesha akaunti, na mwaka 2016 ikaanzisha huduma ya teksi ya Little pamoja na Safaricom.

Kinachowavutia wawekezaji ni kwamba programu huandikwa mara moja kisha ikauzwa kwa wengi, nao hulipa kila mwezi. Tuseme duka moja linalipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Maduka 100 ni shilingi 300,000, na mwenye duka akishaweka rekodi zake zote humo, kuhama ni shida. Lakini kuna mishahara ya waandishi wa programu, kuna vijana wa kuwafuata wateja dukani, na kuna kukodi seva, ambazo mara nyingi hulipiwa kwa dola. Maduka 10 yakiacha kulipa kila mwezi na mengine 10 yakaingia, kampuni imechoka bila kusonga. Kwa hiyo idadi ya waliopakua programu haisemi mengi. Chama kiulize ni wateja wangapi walilipa mwezi uliopita, na kati ya waliokuwa wakilipa mwaka jana, wangapi bado wapo.

Kiulize pia kama kuna mteja mmoja anayeshikilia nusu ya mapato. Wakazi wanaujua mfano huu: kuanzia 2014 kaunti ilikusanya ada za maegesho na vibali kupitia JamboPay, na mkataba ukafika mwisho 2019. Mikataba ya serikali huwa na tarehe ya kwisha, na kampuni inayoishi kwa mkataba mmoja inapaswa kuonyesha itakula nini siku hiyo ikifika.

Wawekezaji wakubwa pia huanguka. Sendy, iliyoanza Nairobi ikiunganisha wenye mizigo na wenye magari kwa njia ya programu, ilipata fedha kutoka kwa kampuni za kimataifa, ikiwemo Toyota Tsusho ya Japani. Mwaka 2023 iliwekwa chini ya msimamizi. Mfuko mkubwa wa uwekezaji hugawa pesa zake kwa kampuni nyingi ukijua kadhaa zitakufa. Chama kinachoweka akiba ya miaka mitano mahali pamoja hakina nafasi hiyo.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo wengi hunaswa. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni ya binafsi haiwezi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, wafanyakazi wake wakiwekwa kando, na hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake. Tangazo la hisa za kampuni kama hiyo likizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hilo peke yake ni sababu ya kusita. Hata ukinunua kihalali, hisa hizo hazina soko. Karo ikifika Januari huwezi kuziuza kesho yake, na mara nyingi wenye kampuni wengine lazima wakubali mnunuzi. Ukiuza kwa faida, kodi ya faida hiyo ni asilimia 15.

Soko la Hisa la Nairobi halina kampuni nyingi za teknolojia. AccessKenya, iliyouzia makampuni huduma za intaneti, iliuza hisa kwa umma 2007 kwa shilingi 10 kila moja. Mwaka 2013 Dimension Data iliinunua kwa shilingi 14 kwa hisa, nayo ikatoka sokoni. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, na waliosubiri waliziona zikishuka chini ya 3 kabla ya kupanda.

Wapo wanaonunua hisa za kampuni za Marekani kama Microsoft na Salesforce kupitia simu. Salesforce ilipoteza karibu nusu ya bei yake mwaka 2022. Na aliyenunua dola kwa takriban shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 aliikuta ikiwa karibu 130 kufikia Aprili, hata kabla ya kutazama bei ya hisa.

Yeyote anayeuza hisa kwa umma au kukusanya pesa za umma za kuwekeza anapaswa kuwa na leseni au idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake, na ofisi zake ziko Embankment Plaza, Upper Hill. Majina ya wakurugenzi na wanahisa wa kampuni yoyote iliyosajiliwa hupatikana kwa ada ndogo kupitia eCitizen. Chama kiombe pia hesabu zilizokaguliwa, kizungumze na wateja wawili au watatu bila muuzaji kuwepo, na pesa zilipwe kwa akaunti ya kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu.