Je, Wajua? Nyumba Iliyoletwa kwa Ndege Ikaondoka kwa Kontena

Je, wajua kwamba mpaka mwaka 2013 katika mji mdogo wa pwani wa Port Alfred, Afrika Kusini, palikuwa na nyumba ya umbo la sahani mbili zilizofunikana, imesimama kwa miguu ya chuma kama chombo kilichotua kutoka angani? Msanii Mwingereza, Craig Barnes, alikuwa ameiona alipokuwa mtoto mdogo. Aliporudi huko ukubwani akaikuta imechakaa na iko hatarini kubomolewa, akainunua. Akanunua nyumba tu, bila kiwanja. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Uingereza, ikakarabatiwa, na mwaka 2014 Walondoni wakaiona juu ya paa la jumba la sanaa la Matt's Gallery, mashariki mwa jiji. Baadaye ikapanda paa jingine, la chuo cha sanaa cha Central Saint Martins.

Nyumba hiyo huitwa Futuro. Aliyeibuni, Matti Suuronen, alikuwa msanifu majengo wa Finland, na wala hakuwa akiwaza mambo ya anga za juu. Rafiki yake alitaka kibanda cha kupumzikia wakati wa kuteleza kwenye theluji. Masharti yalikuwa mawili: kijengeke mlimani pasipofikika kwa urahisi, na kipate joto upesi. Suuronen alikwisha kubuni kuba la plastiki la kufunika ghala la nafaka, kwa hiyo akaendelea na plastiki ileile. Mwaka 1968 kampuni ya Polykem ikatoa Futuro ya kwanza: kipenyo mita 8, vipande 16 vinavyofungwa kwa bolti, nane juu na nane chini. Kila kipande kina tabaka mbili za faiba, na katikati yake povu gumu la kuzuia baridi. Inasemekana ndani yake joto lilipanda kutoka nyuzi 29 chini ya sifuri hadi zaidi ya 15 kwa nusu saa. Mlango haukufunguka kwa kusukuma wala kuvuta. Ulishuka chini ukageuka ngazi, kama wa ndege ndogo. Ndani, viti viliizunguka nyumba kufuata ukuta, na vilikunjuka vikawa vitanda, huku katikati pakiwa na meko yenye mahali pa kuchomea nyama. Pa kuweka kabati la bibi, hata hivyo, hapakuwepo. Ukuta wote ni mviringo.

Watengenezaji waliitangaza kuwa nyumba isiyofungwa na mahali. Ungeweza kuifungua na kuiunga upya kwa siku mbili, au kuiinua nzima kwa helikopta. Haikuhitaji msingi wa kuchimba, ila vitako vinne vya zege vya kuwekea miguu, hata kwenye mteremko. Mwaka huohuo wa 1968 Wafini waliipeleka London kwenye maonyesho ya bidhaa zao, na leseni za kuitengeneza zikauzwa katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo.

Ipo pia habari inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa mbali. Mwaka 1974 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Christchurch, New Zealand, na humo Futuro ilitumika kama tawi la benki. Ndiyo michezo ileile ambapo Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 akavunja rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akamfuata kwa karibu, na Ben Jipcho wa Kenya akashika nafasi ya tatu. Waliokwenda kumtazama Bayi wangeweza kutoa pesa ndani ya sahani.

Kwa nini basi hatuzioni kila mahali? Jibu la kawaida ni mafuta. Plastiki hutokana na mafuta, na mgogoro wa mwaka 1973 ulipandisha bei yake mara kadhaa, nyumba ya bei nafuu ikawa ghali. Ni kweli, ila mimi naona lawama nusu ziwaendee majirani. Ile ya mtangazaji maarufu wa televisheni ya Finland, iliyowekwa kando ya ziwa, ilipigiwa kelele kwamba inaharibu mandhari. Marekani baadhi ya halmashauri zilizipiga marufuku, na benki zilisita kutoa mikopo kwa nyumba isiyofanana na nyumba. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 utengenezaji ulikoma. Jumla yake hazikufika 100, na zilizobaki duniani ni kama 60 na kitu.

Uchache huo ndio uliozigeuza kutoka takataka kuwa hazina. Chuo Kikuu cha Canberra, Australia, kilinunua moja mnadani mwaka 2011. Ile ya mfano, ya kwanza kabisa, imo mikononi mwa makumbusho ya Boijmans Van Beuningen, Rotterdam. Na ile ya kando ya ziwa iliyowakera majirani? Mji wa Espoo uliinunua, ukaikarabati na kuisimamisha nje ya kituo chake cha maonyesho, ambako watu hulipa kiingilio waione. Si zote zilizobahatika: moja ya North Carolina, Marekani, iliyokuwa kivutio cha wapita njia kwa miaka mingi, iliteketea kwa moto Oktoba 2022.

Kuihamisha Futuro ya zaidi ya miaka 40 hakufanani na tangazo la kiwandani. Kipenyo cha mita 8 hakipiti katika barabara nyingi, kwa hiyo lazima ifunguliwe. Bolti zimeshika kutu, na ukilazimisha unapasua ukingo wa kipande. Kila kipande hupewa alama kabla ya kung'olewa, maana vilivyokaa pamoja kwa miongo vimezoeana, na ukivibadilishia nafasi mashimo hayakutani tena. Kisha yapo yaliyofichika. Jua hula ngozi ya nje ya faiba mpaka ikatoa unga ukipitisha kidole. Maji hupenya kwenye maungio ambako mpira wa kuzibia umekauka, yakaingia ndani ya povu na kukaa humo, nawe kwa nje huoni kitu. Fundi hugonga kwa mpini wa bisibisi akisikiliza: panapolia pakavu ni pazima, panapotoa mlio mzito na butu pamejaa maji. Hapo hukata ngozi ya juu, akatoa povu bovu, akajaza jipya, akalaza kitambaa cha faiba na kukipaka gundi ya rezini tabaka kwa tabaka, kisha msasa, kisha rangi. Fundi wa boti za faiba wa Mombasa au Dar es Salaam asingehitaji kufundishwa kazi hiyo. Ni sawa na kuziba tumbo la boti, tofauti ni kwamba hili lina madirisha ya duara-yai pande zote.

Plastiki yenyewe, lakini, haifi kirahisi. Mwaka 1957 kampuni ya Monsanto ilifungua nyumba ya plastiki katika bustani ya Disneyland, California, yenye mabawa manne yaliyoning'inia kutoka kiini kimoja. Mamilioni ya watu waliitembelea. Mwaka 1967 ikaamuliwa ibomolewe, na kazi ikapangiwa siku moja. Likaletwa lile tufe zito la chuma la kubomolea majengo. Likagonga, likadunda na kurudi. Kazi ikachukua wiki mbili, watu wakikata kwa misumeno na kubana kwa minyororo. Bolti za chuma zilikatika kabla ya plastiki kupasuka.

Zipo pia nyumba za siku zijazo zilizotengenezwa kwa alumini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mmarekani Buckminster Fuller alitumia kiwanda cha ndege cha Beech, mjini Wichita, kutengeneza nyumba ya duara inayoning'inia kwenye nguzo moja ya katikati. Haikuingia sokoni. Mwekezaji mmoja akachukua mifano iliyokuwepo, akaunga nyumba moja kando ya ziwa, akaishi humo na familia yake. Walipohama, wanyama wa porini wakaingia. Mwaka 1991 ikakabidhiwa makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, na ilichukua mpaka 2001 kusafishwa, kuungwa na kufunguliwa kwa wageni.

Sasa tuje kwa safari iliyonifanya niandike haya. Je, wajua kwamba nyumba ya namna hiyo iliyopata bei kubwa ilitoka Brazzaville?

Jean Prouvé, Mfaransa aliyeanza kazi kama mhunzi, alikuwa na karakana Maxéville, karibu na mji wa Nancy. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na upungufu wa nyumba za maofisa wake katika makoloni ya Afrika, naye akaja na Maison Tropicale: nyumba ya chuma kilichokunjwa na alumini, inayopakiwa bapa ndani ya ndege ya mizigo. Kila kipande kilipimwa ili watu wawili waweze kukibeba bila winchi. Kwa hali ya joto aliwaza vizuri sana, na sisi tunaolala chini ya bati moja tulijue hili: paa lake lilikuwa la tabaka mbili, hewa ya moto ikipanda kati yake na kutokea juu. Baraza iliizunguka nyumba, na nje yake vibao vya alumini vya kukinga jua. Milango ya kuteleza ilitobolewa matundu ya duara na kuwekwa vioo vya buluu vya kupunguza ukali wa mwanga.

Moja ilijengwa Niamey, Niger, mwaka 1949, mbili Brazzaville mwaka 1951. Zikaishia hapo. Hazikuwa nafuu kuliko kujenga papo hapo, na maofisa wa kikoloni hawakupenda kuishi ndani ya kitu kinachofanana na kiwanda. Zikabaki, zikapangishwa, zikachakaa; za Brazzaville zikapitia vita na kutobolewa na risasi.

Mwaka 2000 hivi, Éric Touchaleaume, mfanyabiashara wa samani wa Paris, alizifuata zote tatu, akazinunua, akazifungua na kuzirudisha Ufaransa zikakarabatiwe. Moja baadaye ilikwenda kwenye makumbusho ya Centre Pompidou. Nyingine, ya Brazzaville, ilisimamishwa New York, ukingoni mwa mto huko Queens, na tarehe 5 Juni 2007 kampuni ya minada ya Christie's ikaipiga mnada: dola milioni 4.97. Mnunuzi alikuwa André Balazs, mwenye mahoteli. Mwaka uliofuata ikasimama mbele ya Tate Modern, London. Vipande vile vya kubebwa na watu wawili, vilivyoshindwa kupata wanunuzi kwa bei ya nyumba, vikapata kwa bei ya mchoro wa ukutani.

Walioiokoa hudai kwamba ingebaki pale ingekwisha kuwa chuma chakavu, na kwa hali iliyokutwa, hoja hiyo ina uzito. Lakini ukarabati unaohitaji kuvuka bahari na mnada mmoja si ukarabati pekee unaowezekana, na sijaona sababu ya msingi iliyozuia hata moja kati ya zile tatu kukarabatiwa palepale. Ángela Ferreira, msanii aliyezaliwa Maputo, alilishika swali hilo mapema. Alikwenda Niamey na Brazzaville akapiga picha za misingi mitupu ya zege iliyobaki, akazipeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice kama kazi ya kuiwakilisha Ureno, mwaka uleule wa mnada. Manthia Diawara, mtengenezaji filamu mzaliwa wa Mali, alifuatana na safari hiyo na kamera yake, akawahoji watu wa Niamey na Brazzaville waliozifahamu nyumba hizo kabla hazijawa sanaa. Filamu yake ilitoka mwaka 2008, nyumba yenyewe ikiwa London kwa watazamaji.