Sinema ya Chemchemi ya Machozi

Sinema za mwanzo zilikuwa bubu. Watu walionekana wakilia na kugombana, lakini sauti hamna. Maneno yaliandikwa, na aliyejua kusoma aliwasomea jirani zake.

Huko Urusi, karibu mwaka 1910, kijana aitwaye Yakov Protazanov alitengeneza sinema fupi kutokana na shairi la Alexander Pushkin. Shairi hilo, Chemchemi ya Bakhchisarai, lilichapishwa mwaka 1824. (Huyu Pushkin, baba wa babu yake mzaa mama alikuwa Mwafrika, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto.)

Shairi linasimulia habari za Khan, yaani mtawala wa Watatari wa Krimea. Khan ana mateka, binti wa Poland, jina lake Maria. Anampenda hata anamsahau Zarema, kipenzi chake wa zamani. Wivu unamshika Zarema. Usiku anamwendea Maria, anapiga magoti, anamwomba amrudishie Khan wake. Tena anamtajia kisu. Baadaye Maria anakufa, na shairi halisemi wazi amekufaje. Zarema anatoswa majini. Khan anajenga chemchemi ya kumkumbuka Maria.

Chemchemi yenyewe ipo kweli. Ni ya mwaka 1764, imo katika jumba la watawala mjini Bakhchisarai. Maji yake hudondoka tone tone, kutoka kikombe hadi kikombe, kama machozi. Pushkin aliiona mwaka 1820.

Basi chemchemi ipo, shairi lipo, sinema haipo! Kwa nini?

Mkanda wa sinema siku hizo ulitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi kali. Ukishika moto, hauzimiki hata ukiutumbukiza majini. Usipoungua, huoza wenyewe: kwanza unanata, halafu unakuwa vumbi. Tena ulikuwa na madini ya fedha ndani yake. Wenye mali walipoona sinema imechakaa na haiingizi kitu, waliichemsha mikanda wapate ile fedha. Sisi tunaona hasara hiyo ilizidi ya moto, maana ilifanywa kwa mikono ya watu.

Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1917, Warusi walitengeneza sinema zaidi ya 1,700. Zilizobaki ni karibu 300 tu. Mwaka 1948 serikali ya Kisovieti ilianzisha ghala kubwa la kuhifadhi sinema karibu na Moscow. Zimo humo kazi nyingine za Protazanov, lakini hii haimo.