Mbwa akiumia mgongo ghafla, usikimbilie rungu

Kwetu sisi wafanyabiashara wa mpakani Rusumo, mbwa si pambo la nyumba. Ni askari wa zamu ya usiku. Ndiyo maana anapoamka akiburuta miguu ya nyuma, mwenye stoo huona hasara tupu, na majirani huja na ushauri mmoja: "Muue, huyo amekwisha."

Simba, mbwa wangu wa miaka sita, aliruka kutoka juu ya lori tulipokuwa tukishusha mchele. Usiku akaanza kulia kila alipoguswa, mgongo umepinda, tumbo limekakamaa. Kulipokucha alitembea kama mlevi.

Swali la kwanza la daktari wa mifugo halikuhusu mgongo. Alitaka kuona cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Ana haki, maana kichaa nacho huweza kuanza kwa miguu kulegea. Mbwa asiyechanjwa, anayetokwa na mate, aliyebadilika sauti au anayeshindwa kumeza, usimguse mdomo. Mfungie na umwite bwana mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Simba alikuwa amechanjwa. Daktari alimkunja unyayo, mgongo wa unyayo ukagusa chini. Mbwa mzima huurudisha mara moja, Simba alichelewa. Akanieleza kwamba kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini mfano wa mto. Mto huo ukipasuka, kilichomo ndani hubana mishipa ya fahamu. Hutokea zaidi kwa mbwa wenye miguu mifupi, lakini hata mbwa wetu wa kawaida hupatwa.

Dawa kubwa ni kumfungia. Nilimtengenezea kizimba cha mbao, kinachomtosha kugeuka na kulala tu, akakaa humo wiki nne. Alitoka kwa haja pekee, akishikwa kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Kazi ngumu ilianza siku ya nne: maumivu yalipungua, akataka kuruka. Hapo ndipo wengi hufungua mlango, na mto uliopasuka humwaga zaidi.

Ndugu msomaji, jihadhari na dawa za binadamu. Katika duka moja la dawa nilishauriwa nimpe diklofenaki, nikakataa. Hiyo na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli huweza kumharibu ini na damu. Hata dawa za mifugo zina mipaka: prednisoloni au deksamethasoni haichanganywi na dawa nyingine za kutuliza maumivu za jamii ya diklofenaki. Mweleze daktari kila kitu ambacho mbwa amekwisha kumeza.

Kumbeba pia kuna namna yake. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake, basi mfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida. Mlaze juu ya ubao, mgongo ukiwa umenyooka. Bodaboda haifai.

Usingoje kesho ikiwa miguu imekufa kabisa, au ikiwa hawezi kukojoa. Kibofu kikijaa lazima kikamuliwe mara kadhaa kwa siku, na daktari atakuonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa chache na mtandikie pakavu, vinginevyo atapata vidonda. Mbwa ambaye bado anahisi maumivu vidoleni ana matumaini mazuri. Aliyepoteza hisia hizo anahitaji upasuaji wa haraka, na nafasi yake ni ndogo kuliko ya huyo wa kwanza.

Wiki ya tano tulianza matembezi ya dakika tano, tukaongeza kidogo kidogo. Leo Simba analinda stoo, ingawa mguu mmoja bado unayumba. Nimepiga marufuku kupanda lori.

Kwa wenzangu mnaorudi nyumbani na mbwa wenu: mchanjeni mapema na mtunze cheti pamoja na hati zenu za safari. Mbali na kudaiwa mpakani, siku mbwa atakapolegea miguu, karatasi hiyo itamsaidia daktari kuamua kama atafute tiba ya mgongo au awatahadharishe watu wote wa nyumbani.