Kuchagua Ufunguo wa Kusimba Barua Pepe

Katika mfumo wa OpenPGP, barua pepe ya siri husimbwa kwa ufunguo wa mpokeaji, si wa mtumaji. Kila mtumiaji ana funguo mbili zinazokwenda pamoja: ufunguo wa umma, ambao humpa yeyote anayetaka kumwandikia, na ufunguo wa siri, ambao hampi mtu. Kilichofungwa kwa ule wa kwanza hufunguliwa na ule wa pili tu. Anayechagua ufunguo wa umma usiomhusu mpokeaji, basi, amemfungia barua mtu mwingine.

Kosa hilo hutokea kwa urahisi. Zipo seva za funguo ambako yeyote anaweza kuweka ufunguo wenye jina na anwani ya mtu mwingine bila kuulizwa. Seva ya keys.openpgp.org, iliyoanza 2019, huhakikisha kwanza kwamba aliyeweka ufunguo anapokea barua za anwani hiyo, lakini haimthibitishi mtu mwenyewe. Kitambulisho kifupi cha herufi na tarakimu 8 nacho hakitoshi, kwani funguo bandia zenye vitambulisho vinavyofanana na vya watu wengine zimekwisha kutengenezwa.

Kinachotegemewa ni alama kamili ya ufunguo, ambayo katika funguo za toleo la 4 ina herufi na tarakimu 40. Mwandishi wa habari anayesubiri nyaraka humsomea mtoa taarifa alama yake kwa simu, nne nne, huku mwenzake akizifuata kwenye skrini. Ikitofautiana hata moja, ufunguo huo huachwa. Kwa mtu anayehatarisha kazi yake ili ukweli ujulikane, dakika hizo chache zina uzito zaidi kuliko mjadala wa kuchagua ufunguo wa aina ya RSA wenye biti 3072 au 4096, maana zote mbili ni imara kwa matumizi ya leo.

Ufunguo uliopita muda wake au uliobatilishwa na mwenyewe usitumike; aombwe mpya, nao ukaguliwe vilevile. Barua ikienda kwa watu kadhaa, huhitajika ufunguo wa kila mmoja, pamoja na wa mtumaji, la sivyo hataweza kusoma nakala yake mwenyewe.

Usimbaji hauifichi anwani ya mtumaji wala ya mpokeaji, na katika programu nyingi kichwa cha barua hubaki wazi. Jina la mhusika lisiandikwe hapo.