Kapteni, Tunangoja Nini?

Julai, saa moja asubuhi, Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Baridi inauma, na juu ya mabati ya mahanga wingu limetanda jeupe bila hata upenyo. Ndege yetu ya viti vinne ina mafuta ya kutosha na safari ni ya upande wa Mara. Mzee mmoja, rafiki wa familia, amevaa suti tayari kwa harusi ya mpwa wake. Anatazama saa, kisha ananiuliza: “Kapteni, mvua hainyeshi, upepo hakuna. Tunangoja nini?”

“Tunangoja Ngong ionekane, mzee wangu.”

Swali lake ni la haki. Jibu lake linatokana na hesabu ndogo ambayo kila rubani wa ndege binafsi anapaswa kuifanya akiwa bado amesimama ardhini.

Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, ambayo marubani huiita METAR, hutaja namba mbili kwa pamoja: joto la hewa, na joto la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa kukifikia, mvuke wake hugeuka matone. Asubuhi ile zilikuwa 14 na 12. Kila nyuzi moja ya tofauti huliweka wingu takriban mita 125 juu ya ardhi, kwa hiyo letu lilianzia kama mita 250. Wilson iko karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Jumlisha, unapata 1,940. Vilima vya Ngong, vilivyokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa kwenye njia yetu, vinafika mita 2,460. Zaidi ya mita 500 za vilima vile zilikuwa zimefunikwa. Na kanuni ya kawaida ya kuruka kwa macho inakutaka uone mbele kilomita 5 na ukae mita 300 chini ya wingu. Ukiwa na wingu la mita 250, huna pa kupita.

Kwa nini basi tusipenye tu hadi upande wa pili? Kwa sababu mwili wa binadamu haukuumbwa kuruka bila kuona. Ndani ya sikio kuna mifereji yenye majimaji inayotuambia tunageuka au tumetulia. Ndege ikilala upande mmoja polepole, majimaji hayo hayatikisiki vya kutosha, na rubani huapa kwamba yuko sawa ilhali anazunguka akishuka. Akivuta usukani ili apande, mzunguko unazidi kubana. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu wanafunzi 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege, wakawazuia wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Hata dakika tatu hazikutimia.

Si lazima liwe wingu. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alikuwa akirusha ndege kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard juu ya bahari, katika giza na ukungu mwepesi. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotelewa na hisia ya juu na chini. Alikufa pamoja na mkewe na shemeji yake.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waandike mipaka yao kwenye karatasi nyumbani, wakiwa wametulia: wingu la chini kabisa ninalolikubali, umbali wa kuona ninaoutaka, saa ya mwisho ya kuondoka. Mipaka hiyo iwe mikali kuliko ya sheria, na asiyeruka mara kwa mara aikaze zaidi. Karatasi haina haraka wala haioni haya mbele ya wageni.

Angani, uamuzi ni mmoja: geuka mapema. Geuzo la kawaida la kurudi ulikotoka huchukua dakika nzima. Kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa, ndege huhitaji karibu kilomita 2 za upana ili kulikamilisha. Katika bonde lenye kuta pande mbili, anayengoja hadi wingu liguse bawa hana tena kilomita hizo. Kwa hiyo geuka ukiwa bado unaona ardhi, upeo wa macho na njia uliyojia. Siku zote uwe na uwanja mwingine akilini, na mafuta ya kukufikisha huko.

Lakini kinachoua pia ni kiu ya kufika. Harusi inangoja, mwenyeji ameshachinja, na rubani anaona aibu kusema hapana. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwaambia abiria ukweli tangu jana yake: huenda tusiondoke, huenda tukarudi njiani, na gari la akiba liwepo. Anayejua sababu hakusukumi, bali hukusaidia kutazama.

Mzee wangu nilimwonyesha zile namba, nikamchorea vilima na wingu nyuma ya karatasi ya safari. Alinyamaza kidogo, akampigia simu mpwa wake: “Anzeni bila mimi, nitawakuta.” Kisha akavuta kiti mlangoni mwa hanga, akageukia magharibi.

Saa nne na nusu jua lilianza kulipasua wingu. Mimi nilikuwa nimeinama nikipima mafuta kwenye bawa.

“Kapteni,” aliita, “kile kilele cha kushoto nakiona. Cha kulia bado.”

Tukangoja cha kulia.